Imefunguka au Imefunguliwa

Jambo zima liligharimu vidole vitatu vya kaka yangu, mashine moja ya kusaga ambayo sasa kuku wanatagia chini yake, na familia moja iliyoondoka Rugera na godoro juu ya pikipiki. Nimejumlisha mara mbili, na mara zote mbili jibu ni hilohilo. Nati yenyewe, ile iliyoanzisha yote, unaipata Omurushaka kwa bei ya maandazi mawili, na ukiwa na mdomo kama wangu unaongezewa na washa, kile kipete bapa kinachokaa chini yake.

Mimi ni mnunuzi wa maharage. Nanunua Kyerwa, nauza Karagwe, na hapo katikati ndipo ninapokula. Kazi hii imenifundisha kutoliamini debe mpaka limemiminwa mara mbili, kwa sababu lipo debe lililobonyea kwa kuanguka na lipo lililobonyezwa kwa nyundo, na yote mawili yana sura moja.

Kaka yangu ndiye aliyebaki kwenye kibanja cha baba: migomba, kahawa, na nyuma ya nyumba safu ya mikaratusi. Watu wa pale walikuwa wanatembea mbali na mahindi kichwani kutafuta pa kusaga. Tukakubaliana kwamba mimi nilete mashine, yeye atoe mahali, kinachopatikana tugawane. Mashine niliipata Kyerwa kwa mtu aliyekwisha kuichoka, injini ya dizeli na kinu chake, vyote vimetumika lakini vinapumua. Nilivuta bei chini mpaka muuzaji akaniuliza kama nimekuja kununua au kurithi. Nikamwambia ataje bei ya kurithi kwanza, tulinganishe.

Fundi wa kuifunga alitoka Kiruruma. Alikuwa na seti nzima ya spana na alipenda ijulikane hivyo. Alizipanga juu ya gunia kama anayetandika meza ya wageni. Akasema injini inataka magogo mawili mazito ya kukalia. Ilikuwa masika. Mbao kavu hazikuwepo kwa karibu, na kaka alikuwa na mikaratusi yake imesimama bure, kwa hiyo akaangusha mmoja asubuhi na kufikia alasiri ulikuwa umechongwa na kulazwa ndani ya kibanda, bado unatoa maji ukiuminya kwa kidole. Gogo moja lilikuwa fupi kidogo, pembe ya injini upande wa mlango ikakosa pa kukanyaga. Kaka akaenda nyuma ya jiko, akarudi na kipande cha mtumbwi wa babu. Simaanishi mtumbwi wa majini. Ni ule wa kukamulia ndizi za rubisi, pombe yetu, ambao ulipasuka kabla sijazaliwa na ukaachwa pale kwa heshima, umekauka mpaka msumeno uliulilia. Kipande hicho kikapachikwa kwenye ile pembe fupi. Matundu yakatobolewa, bolti nne zikapitishwa kutoka chini, nati nne zikakaa juu ya miguu ya injini, na fundi akakaza mpaka mishipa ikamsimama shingoni.

Akasema, "Hii sasa hata shetani akitaka kuifungua atanipigia simu kwanza."

Tukacheka, tukala matoke, akaenda zake.

Aliyeiendesha mashine alikuwa kibarua wa kaka. Asili ya wazazi wake ni Burundi, lakini yeye alizaliwa Kyerwa na kwao kwingine hakujui. Kaka alikuwa amempa kona ya kibanja, akajenga kijumba, akawa analima maharage pale na mke wake na watoto, na kwa malipo ya kona hiyo alikuwa anafanya kazi zote za pale ambazo kaka hakuzipenda. Nyumbani kwake walisema Kirundi, na sisi alisema Kinyambo, na Kiswahili alikiokota mashambani, kipande leo, kipande kesho. Kilikuwa na kilema kimoja tu. Kwake yeye hakuna kitu kilichotokea chenyewe. Kamba ya kisimani ikikatika, alisema kamba imekatwa. Maziwa yakimwagika, yamemwagwa. Siku moja mtoto wake alitoka jino la utoto, akatuambia jino limeng'olewa. Nikamuuliza na nani. Akafikiri kidogo, akacheka, akasema, "Na jino."

Tulimtania sana. Kwa mdomo wake, kila kitu duniani kilikuwa na mtu nyuma yake. Hakuna aliyeona hatari yoyote hapo, nami nikiwemo, ambaye kazi yangu ni kuona hatari kwenye kitako cha debe.

Masika yalikwisha, kiangazi kikaingia, mahindi yakavunwa. Mashine ikasaga asubuhi hadi jioni. Siku moja yule kibarua akamwendea kaka akiwa kwenye kahawa yake, akamwambia, "Mzee, injini inachezewa."

Alitaka kusema inacheza. Kwamba inatikisika, haikai, ina mwendo wa mlevi. Kaka alisikia kile alichoambiwa, kwamba kuna watu wanaichezea. Na kwa kuwa watoto wa jirani walikuwa wakipenda kuja kuchungulia kibandani, akawafokea, mmoja akamwasha kibao, kisha akaagiza kufuli. Mimi ndiye niliyelinunua, na nilijisifu kwa bei. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja kaka, mmoja kibarua.

Yule bwana alirudia tena baada ya muda. Injini bado inachezewa. Kaka akamjibu kwamba haiwezekani, kufuli lipo. Kibarua akaona amekwisha sema, na mwenye mali amekwisha jibu, akaendelea kusaga.

Siku yenyewe mimi sikuwepo. Nasimulia nilivyosimuliwa na wanawake waliokuwa kwenye foleni na mahindi yao, na nimewauliza mmoja mmoja, kisha nikawauliza tena. Wanasema mlio ulibadilika. Kaka aliingia kuangalia, akainama kati ya injini na kinu, pale mkanda unapopita. Nati ikaruka, wakaisikia ikigonga bati. Injini ikainuka upande mmoja kama ng'ombe anayeinuka, mkanda ukachomoka, na mkono wa kaka ulikuwa njiani. Kibarua ndiye aliyezima. Yeye ndiye aliyemshika kaka asianguke, akamfunga mkono kwa khanga ya wifi, akampakia kwenye bodaboda na kukaa nyuma yake akimkumbatia hadi hospitali ya Nyakahanga. Lakini kabla ya hayo yote alitoka mlangoni na kupiga kelele kuwaita watu, na alichopigia kelele ni maneno mawili.

"Nati imefunguliwa! Nati imefunguliwa!"

Foleni nzima ilisikia.

Pale hospitalini walifanya lililowezekana, na vidole vitatu havikuwemo. Nilimkuta kaka kitandani, mkono umefungwa ukubwa wa mtoto mchanga. Nilimpa shikamoo, nikamuuliza kama anasikia maumivu.

"Nani aliyefungua?" akaniuliza.

Nikamwambia apumzike. Akauliza tena, sauti ileile. Hakuuliza kama ataweza kushika panga. Hakuuliza kahawa itachumwa na nani.

Fundi alikuja kumwona, na mkungu wa ndizi, na maneno aliyokuwa ameyatengeneza njiani. Alisema, akiwatazama wagonjwa wa vitanda vya jirani ili nao wawe mashahidi, kwamba nati ile aliikaza kwa mkono wake. "Nati haina mikono," akasema. "Haijifungui. Ukiona imefunguliwa, tafuta spana, na nyuma ya spana tafuta mtu."

Ni maneno mazuri. Yanakaa kichwani. Kufikia Jumapili yalikuwa yamefika kanisani kabla ya mhubiri. Na hesabu ya watu ilikuwa nyepesi: kufuli moja, funguo mbili, mmoja wao ni wa aliyekatwa vidole. Tena kuna mtu akakumbuka kwamba kabla ya hapo kibarua alibishana na kaka, akitaka sehemu ya ujira wake wa kusaga alipwe kwa unga, na kaka akakataa. Tena, na hili ndilo lililomaliza, yeye mwenyewe alikiri pale mlangoni, mbele ya foleni: imefunguliwa. Amejuaje kuwa imefunguliwa, kama hakuifungua?

Kulikuwa hata na mganga aliyetuma ujumbe kwamba kwa mbuzi mmoja atamtaja mwenye spana. Nikatuma kumuuliza kwa kuku atataja nini, nusu ya jina?

Nilikwenda kibandani peke yangu. Sikwenda kumtetea mtu. Nilikwenda kuhesabu mali, kwa sababu nusu ilikuwa yangu. Bolti nne. Moja haina nati. Nati iko sakafuni karibu na bati, nzima, meno yake hayana hata jeraha. Nikashika ya pili kwa vidole, ikazunguka. Ya tatu, ikazunguka. Ya nne, ile ya upande wa mlango iliyopita kwenye kipande cha mtumbwi wa babu, haikutikisika. Nikachukua spana nikaning'inia na uzito wangu wote, ambao si haba. Haikutikisika.

Nikarudia kuhesabu kutoka upande wa pili. Matokeo yaleyale.

Nikajiuliza kama mfanyabiashara anavyomuuliza mwizi: faida iko wapi? Mtu anaingia na spana yake kufanya ubaya. Analegeza tatu, zile za ndani, za kuinamia na kujipaka oili. Anaacha ile ya mlangoni, iliyo karibu kuliko zote. Na hizo tatu hazikulegea sawa. Moja imetoka kabisa, nyingine nusu, nyingine robo. Mwizi gani anaiba kwa vipimo vitatu? Kisha nikaona chini ya miguu ya injini. Magogo yale ya mkaratusi yalikuwa yanaendelea kukauka, yamenywea, yamepasuka nyufa za kupitisha kiberiti, na kati ya gogo na mguu wa chuma palikuwa na uwazi. Niliingiza sarafu. Ikaingia. Kwenye mtumbwi wa babu haikuingia hata ukucha.

Niliyemuuliza kwanza ni dereva wa lori linalobeba maharage yangu, mtu wa maneno mengi, anayejisifia kila kitu kuanzia breki zake hadi mama mkwe wake. Lakini nimeona kila akibadilisha tairi hutembea kidogo, akasimama, akashuka, akakaza nati zote upya, hata mvua ikinyesha. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu anapenda kufika.

Nikamweleza ya kaka. Akafuta mikono kwa kitambaa chake cha oili. Kisha akaniuliza kama nimewahi kufunga mzigo wa nyasi mbichi za kutandika ndani. Nimefunga, nani hajafunga? Unafunga jioni kwa nguvu zote mpaka kamba inalia, kesho mchana unakuta mzigo umekauka na kamba imekaa kama mkanda wa mgonjwa. Fundo halijaguswa. Kilichopungua ni nyasi.

"Basi," akasema, "bolti ni kamba. Ukiikaza inavutika, hata kama macho yako hayaoni, na ule mvuto ndio unaoshika, si nati. Umefungia mti mbichi, mti ukanywea, mvuto umekwenda. Nati imebaki imekaa tu, kama mgeni ambaye hajaambiwa aondoke."

Nikamwambia kukaa tu hakuitoi. Akachukua bolti kwenye kisanduku chake, akanipitisha ukucha kwenye meno yake, kuzunguka na kuzunguka. Akasema niangalie vizuri: ile ni barabara ya kupanda mlima, imezungushwa kwenye chuma. Nati ni gari lililoegeshwa mlimani. Breki yake ni ule mvuto. Ondoa breki, halafu tikisa kushoto na kulia kutwa nzima, na mashine ya kusaga haina kazi nyingine ila kutikisa kushoto na kulia, gari litarudi kwa mteremko. Si kwa mara moja. Kidogokidogo, kila mtikisiko hatua yake.

"Mlima wa Kyerwa unaujua," akasema. "Gari likirudi nyuma pale, huwa unauliza nani kalisukuma?"

Kaka alitoka hospitali, na kikao kikaitwa uani kwake. Mwenyekiti wa kitongoji alikaa kwenye kiti, wengine tukakaa kwenye mabenchi ya kanisa tuliyoazima. Mvua za kwanza za vuli zilikuwa zimedondoka, na asubuhi ileile nilikuwa nimemwona yule kibarua na mkewe wakipanda maharage kwenye kona yao, kesi ikiwa inawasubiri. Nilidhani ni kiburi. Baadaye nikaelewa kwamba mvua haingoji kikao.

Kilichokuwa mezani kilikuwa wazi: wakiona ana hatia, aondoke, yeye na nyumba yake, na jina la kwamba amemkata mwajiri vidole limfuate popote anapoomba kazi. Kwa mtu anayeishi kwa kuombwa kulima, hilo ni kukatwa mikono yote miwili.

Fundi alisema yake, nati na mikono. Wanawake wa foleni wakasema walichosikia. Kibarua akaulizwa. Alisimama, akasema kwa Kiswahili, kwa sababu mbele ya mwenyekiti aliona ndiyo heshima, kwamba yeye hajagusa. Nati imefunguliwa, aliona imefunguliwa, na kabla ya hapo alisema mara mbili kwamba injini inachezewa. Kila neno lilimzika zaidi. Watu wakatazamana.

Nikaomba nafasi. Nilimpa mwenyekiti shikamoo ya pili ili anipe muda mrefu. Kisha nikamgeukia kibarua, nikamuuliza ile kamba ya kisimani mwaka uliopita ilifanya nini.

"Ilikatwa," akasema.

"Na nani?"

"Si na mtu, dada. Ilizeeka."

Benchi la nyuma likacheka. Nikamuuliza maziwa ya wifi, yakamwagwa; jino la mtoto, likang'olewa. Nikawaambia wanakikao: mmemsikia. Huyu mtu akisema imefunguliwa, anasema imefunguka. Akisema inachezewa, anasema inacheza. Alimwonya mwenye mashine mara mbili, na sisi tukamnunulia kufuli.

Fundi akasema Kiswahili si kesi, kesi ni nati, na nati haijifungui. Hapo ndipo nilipomtaka. Nikasema sawa, mkubwa, tusiamini maneno ya mtu yeyote, hata yangu. Azikaze yeye mwenyewe nati zote nne, kwa spana zake, mbele yetu. Ufunguo akae nao mwenyekiti, ule wa pili pia. Aiendeshe yeye mwenyewe, mtu mwingine asisogee. Nami nitapaka mstari mmoja wa rangi ya kucha kwenye kila nati, ushuke mpaka kwenye mguu wa injini. Nati isipotembea, mstari utabaki mmoja. Ikitembea, utakatika. Akasita. Nikamuuliza anaogopa rangi ya kucha? Akakubali, na kwa kuwa anasaga yeye, akadai ujira. Tulipatana. Alianza na bei ya wiki, nikamrudisha kwenye bei ya siku nne kwa wiki nzima.

Alisaga wiki ile. Kila jioni mwenyekiti alifunga kufuli kwa mkono wake. Mwisho wake tukaingia wote tuliotosha, wengine wakachungulia dirishani. Nati ya mlangoni, mstari wake mmoja, mwekundu, mzima. Ya pili, mstari umeachana unene wa punje ya mtama. Ya tatu hivyohivyo. Ile iliyowahi kuruka ilikuwa imetembea upana wa ukucha wangu, na nusu yake ya rangi ilitazama kinu wakati nusu nyingine imetazama mlango.

Mwenyekiti aliinama muda mrefu. Kisha akamuuliza fundi nani ameifungua.

Fundi akasema rangi ya kucha haikauki vizuri kwenye chuma chenye oili. Akakusanya spana zake, akazihesabu. Alizihesabu mara moja tu.

"Basi nati imefunguka," mwenyekiti akasema, akirudi kwenye kiti chake uani. "Haikufunguliwa na mtu. Huyu bwana hana kesi na sisi."

Mimi nilidhani tumemaliza. Nilikuwa hata nimeanza kuwaza jinsi tutakavyotafuta magogo makavu, na mtu wa kupita na spana kila wiki mpaka yatakapotulia. Kaka alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, mkono umelazwa gotini, na hakuwa ameingia kibandani kutazama mstari. Akasema taratibu, bila kumtazama mtu:

"Mmekubaliana kwamba imefunguka. Sawa. Na hivi navyo?" Akainua ule mkono. "Mnataka niseme vimekatika? Vyenyewe? Kama kamba ya kisimani?"

Akaushusha tena gotini.

"Vidole vyangu vimekatwa," akasema. "Sitatamka hilo lenu."

Nilikaribia, nikamwambia kaka, ni mti. Ni mti mbichi tu na mtikisiko, hakuna zaidi. Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyekatwa. Akasema adui angeweza kumtazama usoni. Gogo atalitazama wapi?

Sikuwa na bei ya kumpa. Nimepatana na watu wagumu, maofisa wa mizani, wenye magari, wajane wa Kyerwa wasiopunguza hata punje. Kwa wote hao kuna kitu wanachokitaka, nawe unazunguka mpaka unakipata. Kaka alitaka mtu.

Hakumfukuza. Hilo liandikwe hivyohivyo. Baada ya muda mfupi alituma neno kwamba anaitaka ile kona ya kibanja, atapanda kahawa. Miche ya kahawa haikuwepo na haipo mpaka leo. Watoto wa kibarua walikuwa wameanza kuitwa watoto wa spana, pamoja na hukumu ya mwenyekiti, maana hukumu ilitangazwa mara moja na yale maneno ya fundi yanatangazwa kila siku; ni mafupi, yana ladha. Nilikwenda asubuhi waliyokuwa wanapakia. Godoro, sufuria, mbuzi aliyefungwa miguu kwenye tenga. Nikamuuliza yule bwana, kwa upole wa kijinga wa mtu asiyejua la kusema, kama ameamua kuhama.

"Tumehamishwa, dada," akasema.

Safari hiyo Kiswahili chake hakikuwa na kosa.

Sasa yuko Kyerwa, anamlimia mtu migomba. Nimemtembelea nikiwa kwenye safari zangu za kununua. Alinikaribisha, mkewe akanipa chai, na nikawaambia kwamba maharage yao kule Rugera yamestawi kuliko ya jirani zote. Ni kweli, ardhi ile ilikuwa na mbolea ya mbuzi wao. Mkewe akaniuliza kama maganda yameanza kugeuka manjano. Mume akamtazama. Kisha akaniambia maharage ni ya mwenye shamba.

Kaka naye nimemuuliza. Anasema hajapanda maharage pale, kwa hiyo hayapo. Wifi anayatazama kila akienda kuteka maji na hathubutu kuyagusa. Mashine imesimama, ameniambia niuze nusu yangu nikitaka, lakini nani anunue nusu ya mashine yenye maneno?

Nimeyapima yale maharage kwa macho, nikazunguka nikayapima kutoka upande wa pili: madebe manne, pungufu kidogo. Maganda yameshakauka. Mvua imepumzika, lakini mawingu ya Rwanda yanaonekana, na ikirudi kabla hayajang'olewa yataota yakiwa kwenye maganda, hata mbuzi hatayataka. Nikiyavuna na kuyapeleka Kyerwa, yule bwana atayakataa mbele ya watoto wake wenye njaa, na nitakuwa nimemvunjia heshima iliyobaki. Nikimlipa kaka ili aniruhusu, nitakuwa nimemnunulia mtu jasho lake mwenyewe, tena kutoka kwa asiyetaka kuuza. Nikiyaacha yaoze, basi ni mimi niliyeyaozesha. Nimejaribu hesabu hii kila namna na haitoki. Wewe unayesoma, usiye ndugu wa upande wowote, niambie: nivune, au niache? Na kama ni kuvuna, niyafikishe kwa mkono wa nani? Nijibu upesi, wingu halijafika bado.